Daftari la Zamu za Umeme

Saa nane usiku, Gyumri. Theluji imeziba nusu ya dirisha
na mimi bado nachimba chini ya sayari isiyo na jina.
Walowezi wangu ni kumi na mmoja.
Mmoja wao, Tsovik, anakimbia ndani ya gurudumu
tangu siku tuliyotua;
akisimama, pampu ya hewa inasimama,
na waliolala wanaanza kukohoa.

Nimeshindwa mara tatu, nakiri.
Koloni la kwanza liliungua kwa tamaa yangu:
waya mmoja mwembamba, na kila kitu juu yake,
jiko, taa, friji, kisafisha maji,
kama punda aliyebebeshwa harusi nzima.
La pili lilikuwa na makaa tele,
majenereta manne yakinguruma kutwa kucha
yakijaza betri zilizokwisha kujaa.
Siku ya haja ilipofika, ghala limefagiwa.
La tatu sitaki kulisema.

Safari hii nikaanza na betri yenye akili.
Nikaipa masharti mawili:
ukishuka chini ya ishirini kwa mia, amsha jenereta;
ukifika tisini, lilaze.
Waya mnene nikaupitisha nyuma ya mwamba,
maana una sura mbaya, na walowezi hununa wakiuona.
Kila ghorofa nikaipa transfoma yake,
iwapimie umeme kibaba kwa kibaba.

Na bado, kila jioni, taa zinafifia.
Fyuzi inakatika.
Tsovik anarudi mbio gurudumuni na kijiko mkononi.

Mama akaamka kunywa maji.
Akasimama nyuma yangu, shali begani, akitazama.
"Hao wote wanapika wakati mmoja?"
"Kengele ya chakula ni moja, Mama."
Akacheka kwa pua.
"Basi wewe hujui umeme. Unajua waya."

Akaenda kabatini, akafungua droo inayokwama,
akarudi na daftari la shule, jalada la bluu,
la ule msimu wa baridi ambao hapendi kuuzungumzia.
Jengo letu, kaya kumi na nane,
na uzi mmoja wa umeme
walioudokoa kutoka kiwanda cha soksi.
Mwandiko wake wa ujanani, penseli iliyochongwa kwa kisu:

*Saa kumi alfajiri, Zaruhi, chai ya mgonjwa.*
*Kumi na nusu, kwa Melkon, wana kichanga. Dakika ishirini.*
*Saa sita mchana, mkate. Ghorofa ya pili tu.*
*Saa moja jioni, wote. Balbu moja moja.*
*Saa tatu, Satenik, cherehani. Asipite nusu saa.*

Jina moja limekatwa kwa mistari miwili.
Nililisoma, nikamgeukia.
"Ndiyo, baba yako," akasema.
"Aliwasha hita kwa siri. Jengo zima likalala gizani
kwa ajili ya miguu ya mtu mmoja.
Wiki mbili sikumpa hata balbu."
Akanyamaza kidogo.
"Soksi nilimfumia."

Nikairarua kengele moja, nikatundika tatu.
Wachimbaji wale kwanza, wapishi baadaye,
mkulima wa uyoga ale usiku, hana haraka.
Friji nikaifunga kihisi:
ikishapoa, inyamaze.
Nikabonyeza, tukangoja, Mama na mimi,
kama watu wanaochungulia sufuria ya maziwa.

Jioni ikaja kule chini ya ardhi.
Jiko likawaka. Taa zikatulia.
Betri: sitini na nne, sabini, themanini na tisa.
Jenereta likapiga kwikwi moja, likalala.

Tsovik akashuka gurudumuni.
Akasimama tu, mikono imening'inia,
hajui aende wapi.
Akanawa. Akasimama tena.

"Huyo msichana," Mama akauliza, "mmempa chai?"

Nikapekua orodha ya amri, juu hadi chini.
Kuna kuchimba, kujenga, kufagia, kulala.
Mama alikwisha kuondoka.
Nilimsikia ukumbini akiipapasa swichi,
ahakikishe kuwa iliyozimwa imezimwa.